Fosfeti ya baba haishuki: kabla ya kulaumu mbaazi, tazama saa ya vidonge

SWALI: Assalaam alaykum. Babangu ana miaka 63, alikuwa mvuvi wa Mambrui mpaka maradhi yalipomweka nyumbani. Figo zake ziliharibiwa na presha, na huu ni mwaka wa tatu tunavuka daraja la Sabaki kwenda Malindi kusafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Vipimo vya mwezi huu fosfeti ni 2.4, mwezi uliopita ilikuwa 2.2. Tumeambiwa ikiendelea hivyo itamharibu moyo, na tukapewa karatasi ya vyakula vya kuacha: samaki, nyama, mayai, maziwa, mbaazi, maharagwe, kunde, njugu. Sasa mvuvi asipokula samaki ale nini? Asubuhi hunywa chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi, mchana wali au sima kwa samaki, usiku mara nyingi ni chipsi na soseji wanazoleta wajukuu. Siku ya kusafishwa akitoka tu hunywa soda nyeusi, anasema inamrudishia nguvu. Vidonge vya kalsiamu anavyo, vitatu kwa siku. Nampa vyote saa tatu usiku pamoja na vya presha na vya kuongeza damu ili nisisahau. Tena anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Je, ni kweli fosfeti inaua moyo? Na mwezi ujao tuna harusi ya mdogo wangu. Biriani aikose? (Binti wa Mambrui)

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, kwenye hiyo saa tatu usiku. Nitaanzia hapo, kwani mengine uliyoyataja, mbaazi zikiwemo, ni madogo yakiwekwa kando ya hilo.

Vidonge vya kalsiamu alivyopewa baba jina lake linapoteza watu. Wengi hudhani ni vya mifupa. Kwa mgonjwa wa dayalisisi, yaani huko kusafishwa damu kwa mashine, kazi yake ya kwanza ni kunasa fosfeti, madini ya chakula ambayo figo zilizoharibika hazitoi. Kidonge huyeyuka tumboni, kalsiamu yake ikashikana na fosfeti ya chakula kilichomo mle wakati ule, vikawa kitu kimoja ambacho ukuta wa utumbo hauwezi kukipitisha, kikatoka na choo. Basi. Hakiingii kwenye damu kwenda kuisaka fosfeti iliyokwisha kupita. Baba akila baada ya magharibi kisha akameza vidonge saa tatu, chakula cha asubuhi na cha mchana vilishapita bila mlinzi, na cha usiku nacho sehemu kubwa imeshateremka. Tena kuna hasara juu ya hasara: kalsiamu isiyokuta chakula cha kushikana nacho huingia zaidi mwilini, na mtu ambaye mishipa yake tunaihofia haifai kuongezewa kalsiamu bure. Na pale inapokutana na vidonge vya kuongeza damu, inavizuia. Kwa hiyo kwa nia njema kabisa umekuwa ukimpa dawa zinazogombana.

Dawa hii haifuati saa ya ukutani, inafuata sahani. Kama ameandikiwa vitatu kwa siku, kimoja aende nacho kwenye chai na mahamri, kimoja mchana, kimoja usiku, akimeze au akitafune anapoanza kula au katikati ya kula. Mlo wenye kitoweo kikubwa ndio unaostahili vidonge zaidi. Mlo wa chai kavu na kipande cha mkate pengine hauhitaji. Mgao huo uupange na kliniki yenu, wao wana faili lake. Vidonge vya kuongeza damu viende mbali na vya kalsiamu, saa mbili hivi au zaidi. Na kama anameza dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, itaje, kwa sababu kalsiamu kaboneti huhitaji asidi ili iyeyuke.

Kuhusu kusahau, nakupa ujanja niliouona nyumbani kwa mgonjwa mmoja huko Shela ya Lamu. Mkewe alikuwa akimfunikia chakula kwa kawa kama ada, kisha kidonge anakitua juu kwenye ncha ya kawa, ndani ya kifuniko cha chupa. Mzee hawezi kufunua mpaka akiondoe kwanza. Akishakishika mkononi, atakiweka wapi kama si kinywani?

Sasa hesabu, uone kwa nini mashine peke yake haiwezi. Chakula cha kawaida cha mtu mzima kina kama miligramu 1,000 za fosforasi, ambayo mwilini ndiyo fosfeti, kwa siku, mara nyingi zaidi. Tuseme mwili unachukua 600. Kwa wiki ni 4,200. Kikao kimoja cha saa nne huondoa karibu 800, pengine kikienda vizuri sana 1,000. Baba anasafishwa mara mbili: 1,600, tuseme 2,000. Zilizobaki zaidi ya 2,000 zinakwenda wapi? Kama bado anakojoa kidogo, baadhi zitatoka hapo. Zingine zinabaki naye, wiki baada ya wiki. Hata anayesafishwa mara tatu hesabu yake haifungi bila vidonge na chakula. Ndiyo maana usimlaumu mzee kuwa ana roho ya kula. Anacheza mchezo ambao ameanza akiwa nyuma.

Hapo kuna jambo nililoliona sana kwenye chumba cha mashine: mgonjwa wa mbali anaomba atolewe kabla ya saa kutimia ili awahi matatu. Fosfeti nyingi haimo kwenye damu inayozunguka. Imo ndani ya seli na mifupa, na hutoka huko kwa mwendo wa kobe. Mashine humaliza haraka ile iliyo njiani, kisha inabaki kungoja nyingine ije. Muda ndio dawa yake. Nusu saa aliyoiacha ili asikose gari la Mambrui, fosfeti yake amerudi nayo nyumbani. Kama baba hufanya hivyo, muombe aache. Kama hukatishwa kwa sababu presha inashuka, hilo liambieni daktari waziwazi, maana lina tiba yake.

Umeuliza kama fosfeti inaua moyo. Kipimo cha mtu mwenye figo nzima huwa kati ya 0.8 na 1.5 (milimoli kwa lita). Kwa mgonjwa wa dayalisisi, mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo wa 2017 unasema iliyopanda ishushwe kuelekea kiwango hicho cha kawaida, na vituo vingi hufurahi mtu akikaa chini ya 1.8. Kwa hiyo 2.4 ni juu, na kwa kuwa mwezi uliopita ilikuwa 2.2, inapanda.

Mshipa mkubwa wa damu una kawaida ya kunyumbuka. Moyo ukipiga unatanuka, moyo ukipumzika unarudi, na kule kunyumbuka ndiko kunakoupunguzia moyo mzigo. Ndani ya ukuta wa mshipa mna seli za misuli. Fosfeti ikizidi kwa miaka, seli hizo hubadili tabia, zinaanza kufanya kazi ya seli za mifupa. Jambo hili lilionekana maabara mwaka 2000: seli za mshipa wa binadamu zikiwekwa kwenye maji yenye fosfeti nyingi, zinaanza kujijengea madini ya kalsiamu na fosfeti, yaleyale yanayofanya mfupa uwe mgumu. Watu kliniki husema mishipa "imeota chokaa", nami huwaonyesha mfano wa birika. Nyinyi wa Mambrui mnajua maji ya kisima chenye chumvi yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Mfano huo una kasoro, hata hivyo. Ukoko wa birika hujigandia tu, lakini mshipa unajijenga wenyewe, kwa seli zake wenyewe. Na birika ukilitia siki ukoko unatoka. Mshipa hauna siki.

Mshipa uliokakamaa huufanya moyo usukume dhidi ya bomba la chuma. Namba ya juu ya presha inapanda, misuli ya moyo upande wa kushoto inanenepa, na moyo ulionenepa hupoteza nafasi ya kujaa damu na huwa mwepesi kupigwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Vali za moyo nazo hukakamaa. Pamoja na hayo, mwili ukiona fosfeti nyingi hupeleka homoni za kupambana nayo: moja kutoka kwenye mifupa, ambayo utafiti wa 2011 ulionyesha kuwa yenyewe inanenepesha misuli ya moyo wa panya, na nyingine kutoka kwenye tezi za parathairoidi shingoni, ambayo hukwangua kalsiamu na fosfeti kutoka mifupani na kuimwaga kwenye damu. Yaani fosfeti ikishapanda sana, hata siku baba asiyokula kitu inaweza kutoka ndani ya mifupa yake mwenyewe.

Haya yote ni kweli, lakini sitakuficha upande wa pili. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwaangalia wagonjwa wa dayalisisi zaidi ya 6,000, wakakuta wenye fosfeti iliyozidi 2.1 walikufa zaidi kuliko wenzao, kiasi cha asilimia 27. Tafiti nyingine nyingi zimeona hivyohivyo. Hizo ni tafiti za kutazama. Mwenye fosfeti ya juu mara nyingi ndiye pia anayekosa vikao, ndiye asiyepata dawa, ndiye mgonjwa zaidi. Utafiti mkubwa wa kuthibitisha kuwa kuishusha kwa dawa kunaokoa maisha, wa kugawanya watu kwa kura, bado haujatupa jibu la kutulaza usingizi. Mimi naishusha kwa wagonjwa wangu bila kusita, kwa sababu njia inayopitia kuharibu mishipa inaeleweka na njia ya kuishusha haina madhara ikifanywa kwa akili. Ila simtishi mtu nayo. Fosfeti hudhuru polepole, kwa miaka. Maji yaliyozidi na potasiamu huweza kuusimamisha moyo usiku mmoja. Nikisikia mgonjwa ameacha mbaazi kwa kuogopa fosfeti huku anakunywa madafu mawili kwa siku, yaliyojaa potasiamu, nashika kichwa.

Nalisema hili pia kwa sababu ya pesa. Vipo vidonge vya bei kubwa visivyo na kalsiamu, kama sevelama na lanthanamu, na familia hufikiri wanamnyima mzee uhai wasipovinunua. Mwaka 2021 Japani walilinganisha lanthanamu na kalsiamu kaboneti kwa wagonjwa zaidi ya 2,000. Matukio ya moyo hayakupungua kwa waliopewa ile ya ghali. Vidonge hivyo vina mahali pake: kama kalsiamu ya damu ya baba iko juu, au picha zimeonyesha mishipa imekakamaa sana, daktari atataka kumpunguzia kalsiamu. Kwa hiyo karatasi ya vipimo isomwe nzima. Fosfeti, kalsiamu na homoni ya parathairoidi husomwa pamoja. Uliza pia kama anapewa vitamini D ya kidonge au sindano, kwani hiyo huongeza kalsiamu na fosfeti zinazoingia kutoka tumboni. Msiuze mbuzi kabla hamjajaribu mwezi mzima wa vile vya kawaida vikiliwa na chakula.

Njoo kwenye ile karatasi ya marufuku. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikigawa karatasi kama hiyo, na naikumbuka kwa aibu. Mzee mmoja aliitii kama msahafu. Baada ya miezi mitatu fosfeti yake ilikuwa nzuri ajabu, na saa yake ya mkononi ilikuwa imepanda mpaka karibu na kiwiko kwa kukonda. Mgonjwa wa dayalisisi anahitaji protini nyingi kuliko mimi na wewe, kama gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa sababu kila kikao huondoka na sehemu yake. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Ukimnyima samaki, mayai, nyama na mbaazi kwa pamoja, utazitoa wapi?

Kinachopotea kwenye karatasi hizo ni kwamba fosfeti si moja. Ile ya mbegu na kunde imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu haujui kuifungua vizuri, na mwili huambulia asilimia 20 hadi 40. Ya samaki, nyama na maziwa, asilimia 40 hadi 60. Ile inayotiwa kiwandani, ya unga uliochanganywa ili nyama ishike maji na kitu kisioze, haikufungwa na chochote, na inaingia karibu yote. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina kama miligramu 200, na mwili wa baba hupata pengine 60 au 80. Kikombe cha maziwa kina zaidi kidogo ya 200, na anapata zaidi ya 100. Kwa hiyo mbaazi zabaki, bakuli dogo, si kila siku, zikiwa zimelowekwa usiku kucha na maji ya kwanza ya kuchemshia yamemwagwa. Kumwaga huko ni kwa ajili ya potasiamu hasa, na tui liwe jepesi kwa sababu hiyohiyo.

Adui yuko kwenye soseji za wajukuu. Soseji, smoki, nyama za kopo, jibini la vipande, kuku na kamba wa pakiti waliogandishwa, vingi vimetiwa fosfeti. Kwenye pakiti tafuta herufi "phos" ndani ya neno lolote, au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Baking pauda nazo nyingi zina fosfeti, kwa hiyo mahamri ya hamira ni bora kuliko ya pauda. Na soda nyeusi ladha yake kali hutokana na asidi ya fosforasi. Kiasi si kikubwa sana, miligramu 30 hadi 50 kwa chupa ndogo, ila inaingia yote, na ni maji yanayohesabiwa kwenye mgao wake wa siku. Akitaka soda, ya ndimu au ya machungwa kwa kawaida haina asidi hiyo. Ila ningependa kujua kwa nini anatoka bila nguvu. Huenda presha imeshuka, huenda hajala tangu alfajiri. Mbebee mkate na ute wa mayai mawili ya kuchemsha.

Ute nausisitiza. Fosfeti ya yai karibu yote iko kwenye kiini, na ute una protini safi na fosfeti kidogo mno. Wajukuu wale viini, babu ale ute.

Na samaki ale. Ale changu, tafi, kolekole, kipande cha ukubwa wa kiganja mchana na kingine kidogo usiku, minofu tu. Dagaa na samaki wadogo wanaotafunwa na miiba yao ndio wa kuacha, kwa kuwa mifupa ndiyo ghala la fosfeti, na ng'onda na papa mkavu waachwe kwa sababu ya chumvi. Samaki aliyeshuka kwenye mashua asubuhi hana kemikali ya mtu. Kuchemsha hutoa sehemu ya fosfeti na kuiacha kwenye maji, kwa hiyo chukuchuku ni mapishi mazuri kwake, bora itiwe ndimu, chumvi chembe, na supu yake asinywe. Najua utamu wa chukuchuku umo kwenye supu. Ndiyo bei yake.

Kujikuna kunaweza kupungua fosfeti ikishuka, ila usiahidi. Ngozi kavu na usafishaji usiotosha nao huleta mwasho. Mpake mafuta ya nazi baada ya kuoga, na mwambie daktari. Damu ya kipimo itolewe kabla ya kuunganishwa na mashine, kwa sababu baada ya kikao fosfeti hushuka kwa saa chache kisha hurudi, na kipimo kinadanganya.

Biriani asiikose. Ila harusi nyingi ni mwisho wa wiki, na wiki ya baba, kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu, huko ndiko kuna pengo refu bila kusafishwa. Nyama vipande viwili, wali zaidi, rojo lenye mtindi na nyanya kidogo, viazi awaachie wenzake, sharubati aionje tu. Waulize kliniki kabla kama siku ya mlo mkubwa aongeze kidonge, watakuambia kingapi. Na umtie vidonge hivyo mfukoni mwa kanzu wewe mwenyewe kabla hajatoka, kwa sababu harusini hakuna kawa. Sinia likishatua ni bismillahi tu, na mikono imeshaingia.